Kisima cha Midomo Miwili

Sina simile. Mamangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na tangu siku hiyo sijaketi. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka mara tatu: mara kuchungulia dirishani, mara kunusa sinki, mara kuhakikisha mtungi wa gesi umefungwa. Kunusa ndiko kunakonilisha. Kazi yangu ni kupima mafuta yaliyoingia ardhini mahali pasipo pake: petroli, dizeli, oili chafu ya gereji, chochote kilichovuja kikazama kwenye udongo na maji ya chini. Natoboa shimo, nachota udongo, nachota maji, natia kwenye vichupa, napeleka maabara, kisha naandika ripoti ambayo mara nyingi hakuna anayependa kuisoma. Kibokoni, mtaa niliozaliwa, wananiita mganga wa mchanga. Hilo nimelizoea.

Ninalotaka kulieleza hapa sijalizoea. Ni habari ya siku nilipoiamini pua yangu kabla ya kupima, na mtu mmoja akakaribia kupoteza kazi yake kwa neno langu.

Nyumba ya mamangu imepakana na msikiti, na kisima kimo ndani ya ukuta unaovitenga. Babu yake mamangu alikichimba kwa ajili ya nyumba yake. Maji yalipotoka matamu kuliko alivyotarajia aliona haya kuyafaidi peke yake, akatoboa ukuta na kuupa msikiti nusu. Kwa hiyo kisima ni kimoja lakini kina midomo miwili: mmoja uani kwetu, karibu na jiko, mwingine upande wa pili, wanaume wanakotawadhia. Na ili mwanamke anayechota asionane na mwanamume anayechota, mafundi waliteremsha ukuta mwembamba wa mawe katikati ya shimo, kutoka juu hadi ndani ya maji, ukazama kiasi cha dhiraa moja. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiinama upande wetu tunasikia ndoo ya msikitini ikipiga maji na mtu akikohoa, lakini humwoni. Wazee wa mtaa niliwajua kwa vikohozi vyao kabla sijawajua kwa sura.

Kwa mamangu kile si kisima tu. Ni sadaka ya babu yake isiyokatika. Kila anayetawadha pale, husema, babu yake anaandikiwa thawabu huko aliko. Mifereji ilipoletwa, tangi likawekwa juu ya dari na goti lake likaanza kumsumbua, aliacha kuchota, lakini hakuacha kukiangalia. Kila asubuhi alikuwa akifungua kifuniko cha mbao, anachungulia, anafunga.

Mwaka ule mvua za vuli zilikuwa haba, na kaskazi ilipoingia ilikausha kila kitu. Jioni moja nilikuwa nimetoka Buxton ninakoishi, nimekuja kumwamkia mama, mara ikapigwa hodi. Walikuwa wazee wawili wa kamati ya msikiti pamoja na maalim anayesalisha. Mmoja alishika kopo la maji kwa mikono miwili, utadhani limejaa uji wa moto.

"Maji ya birika la kutawadhia yanuka," maalim akasema. "Tumeosha birika mara mbili. Ni kisima chenyewe."

Nikalichukua kopo nikanusa. Harufu ya mafuta haikuwa na shaka. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi.

Hapa inabidi nieleze kuwa huko juu, upande wa Bondeni, kuna kituo cha mafuta, na wiki zile kilikuwa kikivunja sakafu yake ili kutoa tangi kuukuu lililozikwa chini na kuweka jipya. Vumbi lilitanda mpaka kwa washona kanzu. Ardhi ya kwetu inateremka kutoka kule kuelekea bandari ya zamani, na maji ya chini yanafuata mteremko huohuo. Mtu yeyote mwenye kazi yangu angelifikiria tangi lile. Lakini mtu mwenye kazi yangu angefikiria, kisha angenyamaza hadi apime. Mimi kopo lilikuwa bado mkononi nikanyosha kidole.

"Ni petroli. Imetoka kule juu."

"Una hakika?" maalim akauliza.

"Miaka yote hii pua yangu haijanidanganya."

Basi. Hadi adhana ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umeshajua, na waliosimulia walitia chumvi hadi tangi likawa limepasuka vipande viwili. Kesho yake wanaume wakapanda hadi kituoni. Waliyemkuta pale ni msimamizi, mtu wa bara aliyekuja Mombasa kijana na akazeekea kwenye pampu zile. Wote tulimjua. Alikuwa akivaa shati lililopigwa pasi hata siku za joto la kuyeyusha lami, Jumapili alikuwa akipita na Biblia kwapani, na nyuma ya kituo, kwenye pampu ya mafuta ya taa, wanawake waliotuma au kuleta chupa zao alikuwa akiwajazia mwenyewe kwa mkono wake ili yasimwagike. Waliyomwambia siku ile sitayaandika. Mwenye kituo, anayeishi mbali, alipopigiwa simu aliamua kwa sentensi mbili: msimamizi aende nyumbani hadi vipimo vitoke, ikithibitika kwamba tangi limevuja chini ya ulinzi wake, asirudi.

Na mpimaji? Kamati na mwenye kituo, waliokuwa hawakubaliani hata juu ya siku ya kukutana, walikubaliana juu ya jambo hilo moja. Mpimaji awe mimi. Kamati ilinitaka kwa kuwa mimi ni mtoto wa mtaa. Mwenye kituo alinitaka kwa kuwa ofisi yetu ilishampimia mahali pengine na hakuona kosa.

Niliwaeleza wote mapema kitakachofuata. Ikiwa ni petroli iliyosafiri chini ya mtaa, haitoki kwa kuchotwa na ndoo. Kisima kitazibwa. Mamangu alisikia neno zege akiwa jikoni.

"Zege? Mdomoni mwa kisima cha babu yangu?"

"Mama, tungoje kwanza."

"Wewe ndiye usiyejua kungoja," akasema, na siku ile hakula.

Nikaanza kazi. Siku ya kuchota vichupa mimi sipaki manukato, sitii petroli garini njiani, wala sivai nguo iliyofukizwa, kwa sababu kichupa hakijui harufu ya udi iliyo halali na harufu ya mafuta iliyo haramu, zote huzikusanya. Mama alikuwa ameshafukiza buibui langu kwa mapenzi yake, ikabidi nirudi kubadilisha. "Kazi gani hiyo," akanung'unika, "imtakayo mwanamke anuke jasho?"

Nilipanga mashimo matatu kwenye mteremko: la kwanza nje ya ukuta wa kituo, la pili katikati ya njia, kwenye kichochoro nyuma ya duka la mshona kanzu, la tatu hatua chache kutoka msikitini. Natumia keekee ndefu ya mkono, watu wawili tunaizungusha kama wanaokaza parafujo kubwa. Ardhi ya Mji wa Kale haina haraka ya kufunguka. Kwanza unapata taka za vizazi: majivu, miiba ya samaki, vigae vya sahani za maua. Kisha udongo mwekundu. Kisha matumbawe, na hapo keekee inagoma na mikono inakufa ganzi. Mzee mmoja aliyekaa barazani alitutazama asubuhi nzima bila kusema neno, mwisho akasema, "Mwanangu, ukipata maji matamu utwambie. Ukipata dhahabu, nyamaza."

Kila kipande cha udongo nilikitia kwenye mfuko, nikakipasha moto kwa kiganja, nikafungua na kunusa. Shimo la kwanza lilikuwa na harufu ya dizeli ya zamani hapo juu tu, ya magari yanayosimama, na chini yake hakuna kitu. La pili hakuna kitu. La tatu hakuna. Nikahamaki. Nikatoboa la nne ambalo halikuwa kwenye mpango, kisha nikataka la tano, hata mwenzangu akauliza kama natafuta mafuta au natafuta ugomvi. Nakiri sasa: nilitaka kuyapata. Nilikuwa nimeshasema, na nilitaka ardhi iseme kama mimi.

Kisima ndicho kilichonipa moyo. Upande wa wanaume si mahali pangu, basi nilichota upande wetu, kwa kopo refu jembamba la plastiki lenye kizibo chini kinachojifunga lenyewe. Lilipanda juu likiwa na utando mnene kuliko ule wa kopo la wazee. Nilipomulika tochi ndani niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu kuzaliwa: ukingo wa chini wa ule ukuta wa kati, umening'inia hewani, umepakwa weusi wa ukoga mahali maji yalipokuwa zamani. Kisima kilikuwa kimeshuka kwa ukame mpaka ukuta haufiki majini tena. Nikaandika kwenye daftari kimo cha maji, nikafunga daftari. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Upande wa msikiti alichota mwadhini, nami nikimwelekeza kwa sauti kupitia kisimani.

"Usiguse mdomo wa kichupa!"

"Sijagusa!"

"Jaza mpaka juu kabisa, hewa isibaki!"

"Kusema bismillahi yaruhusiwa?"

"Hiyo sema. Kupulizia ndani usipulizie."

Vichupa vikaingia kwenye kasha la barafu, kasha likaenda maabara, na mimi nikaanza ile sehemu ya kazi ninayoichukia. Kungoja. Siku zile nilitembea kama niliyetiwa upupu. Nilitoka Buxton hadi Kibokoni kwa miguu na kurudi, bila haja, na kila mara nilijikuta napita mbele ya kituo. Kwenye kiti cha msimamizi kilichokuwa karibu na pampu ya kwanza alikaa mtu mwingine akitazama simu. Siku moja tulipishana njiani, yeye na mimi. Akasimama kunipisha.

"Kazi njema, dada," akasema.

Nikaitikia bila kumtazama usoni. Nilijiambia kwamba mpimaji hafai kuzungumza na upande mmoja. Maneno mazuri sana hayo. Mbona kwa wazee wa kamati nilizungumza hadi nikanywa kahawa yao?

Majibu yalitoka siku ya tatu. Mashine ya maabara haitoi jina la mafuta. Inachora mstari wenye vilima, na kila aina ya mafuta ina vilima vyake. Petroli vilima vyake viko mwanzoni, vyembamba, vya vitu vyepesi vinavyoruka upesi. Dizeli inakaa mbali, mwishoni. Ukishaizoea mistari hiyo unaijua kwa jicho, kama mpishi anayefunua sufuria akajua hili ni pilau na hili ni biriani. Nilitazama mstari wa kisima chetu. Mwanzoni palikuwa tambarare. Vilima vyote vilijazana katikati, virefu, vimebanana, bado havijaliwa na wakati.

Ilikuwa mafuta ya taa. Mapya. Upande wetu yalikuwa mengi kuliko upande wa msikiti. Na udongo wa mashimo yote manne, ukiacha ile dizeli ya juu juu, ulikuwa safi.

Nilisoma mara nne. Nikapiga simu maabara nikauliza kama hawakuchanganya vichupa. Fundi akaniambia kwamba hajawahi kuchanganya vichupa tangu aajiriwe, na akaudhika. Nikachukua karatasi nikaenda kwa mama mbio mbio, nikijiuliza njia nzima ni nani, kwa jina la Mola, anayeweza kutia mafuta ya taa ndani ya kisima.

Nilimkuta uani anachagua mchele. Akaniambia nikae. Sikukaa. Mimi nikizunguka zunguka, yeye akainuka polepole akishika goti, akatoa nyuma ya mtungi chupa ya kijani iliyokuwa zamani ya sharubati, akafunua kisima, akamimina kikombe kizima.

"Bismillahi," akasema, akafunika.

"Mama! Hayo ni nini?"

"Mafuta ya taa. Ni dawa ya mbu, si petroli yenu." Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua ni nini. "Wewe nawe! Si ndiyo nyanyako alokuwa akitia? Viluwiluwi havipati pumzi, vyafa."

"Watia kiasi gani?"

"Zamani kifuniko. Sasa kikombe, kila Alhamisi. Mbu wa siku hizi hawasikii kifuniko."

Nikakaa. Yote yalijipanga mbele yangu bila kuombwa. Kila nyumba ya Mji wa Kale yenye kisima ilikuwa ikifanya hivyo, kifuniko kimoja, na maji yalikuwa yakichotwa kutwa hadi kile kidogo kikaisha kwenye miche ya mrehani na sakafu za kuoshwa. Lakini kwetu hakuna aliyechota tena. Na mvua za nyuma mama alikuwa ameugua homa ya mbu, akalala wiki tatu viungo vikimuuma hata shuka ikawa nzito, na alipoinuka aliapa kwamba mbu hatazaliwa tena kwenye nyumba yake. Mafuta huelea. Ule ukuta wa kati ulikuwa umeyazuia upande wetu muda wote huo, bila mtu kujua. Kisha kaskazi ikashusha maji chini ya ukuta, na mafuta yakavuka kwenda msikitini kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Sikumwambia. Nilisema nina kazi, nikaondoka, hata chai sikunywa.

Siku mbili nilitembea na ile karatasi mkobani. Msimamizi hawezi kurudi kazini mpaka niseme mafuta yametoka wapi. Nikisema yametoka wapi, mama yangu ndiye atakayekuwa aliyeharibu maji ya udhu ya mtaa mzima, ndani ya sadaka ya babu yake mwenyewe. Nilitafuta njia ya katikati kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye giza. Mwisho nikaandika: chanzo hakijathibitika. Nikajiambia kwamba si uongo. Petroli sikuitaja, nani alaumiwe? Nikaisoma tena nikajua ni uongo, tena mbaya, maana mtaa ulikuwa umeshathibitisha bila mimi. Hakuna ambaye angesema hakijathibitika. Wangesema ni yule.

Asubuhi ya siku ya pili nilipita kituoni. Yeye alikuwa ng'ambo ya barabara, amesimama chini ya kivuli cha duka la vipuri, amevaa shati lake lililopigwa pasi. Ilikuwa saa ya kuanza zamu. Hakuwa akifanya lolote. Alikuwa ametoka nyumbani saa ileile ya kila siku kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Nikaona aibu iliyonipanda hadi masikioni, nikageuka kwenda Kibokoni.

Nilimwambia mama kwa maneno machache nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema. Alikuwa na kata mkononi. Akaiweka chini.

"Maji ya msikiti?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu maji yaliposhuka. Mwezi, au zaidi kidogo."

Nikaona midomo yake ikisogea. Alikuwa akihesabu sala za watu, alfajiri hadi isha, safu kwa safu. Alifika mahali akaacha.

"Babu yangu," akasema, basi. Kisha: "Na yule wa petroli?"

"Yuko nje ya kazi. Wanangoja ripoti yangu."

"Kwa mkono wangu."

"Mkono wako haukusema kitu, mama. Ni mdomo wangu."

Nilipomwambia nitakwenda kwa maalim, akakataa kwa ukali nisioujua. "Yangu n'tasema mwenyewe. Huko kote ushasema, hili niachie."

Mlango wa nyumba yetu unatazamana na baraza wazee wanakokaa baada ya alasiri. Mwanamke wa rika la mamangu hasimami mbele ya baraza la wanaume, naye hakusimama. Aliamuru nifungue ubao mmoja wa mlango, akakaa nyuma ya ule wa pili kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na kutoka pale akamwita maalim. Alieleza yote bila kujitetea: chupa, kikombe, Alhamisi, homa, mbu. Alitaja hata kwamba alisema bismillahi.

Maalim akavuta ndevu zake, kisha akasema taratibu kama anayesomesha darasa.

"Bibi, mafuta hukaa juu ya maji. Huwa jirani ya maji tu, hayachanganyiki nayo. Maji yaliyobadilika kwa kitu kisafi kilichokaa jirani hayajavuliwa utohara wake. Wanavyuoni wameyasema haya kabla ya mimi na wewe. Udhu wa watu ni udhu, na sala zao ni sala."

Nilidhani mama atashusha pumzi. Yeye akasema, "Hayo ni yako, maalim, na Mola akulipe. Nataka na ya mwanangu. Ewe, kipimo chako chasemaje? Hayachanganyiki?"

Wazee wote wakautazama mlango. Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na kila mtu angekwenda zake na furaha.

"Mengi huelea," nikasema. "Kidogo huyeyuka. Hicho kidogo ndicho ninachokipima mimi."

"Basi," mama akasema, "iandike hivyo."

Maalim hakukasirika. Akasema sala zilizopita zimepita salama, lakini kuanzia magharibi birika litajazwa maji ya mfereji, na litabaki hivyo mpaka kipimo kiseme. Nyuma ya ubao wa mlango mama alijifuta macho kwa ncha ya leso. Barazani hawakumwona. Mzee mmoja, yule wa dhahabu, ambaye nilisikia alikuwa mbele ya wote siku ya kupanda kituoni, akauliza akitazama vidole vyake vya miguu, "Na yule mtu je?" Nikasema mimi ndimi nitakayekwenda.

Ripoti niliimaliza siku hiyohiyo: mafuta ya taa, yaliyotiwa kwa mkono, upande wa nyumba. Kesho yake mwenye kituo akamrudisha msimamizi kwa sentensi moja, sasa hata mbili hakutumia. Sisi tukaanza kuyaondoa mafuta juu ya maji kwa matandiko ya pamba yanayoyanyonya, kuyachota maji na kuyatia kwenye mapipa, na kupima tena kila mwezi, kazi isiyokwenda mbio hata mtu akiwa hana simile kama mimi.

Mama alipika mahamri, akayapanga kwenye sahani yake ya maua, akafunika kwa kitambaa. Nikapanda nayo Bondeni. Nilimkuta nyuma ya kituo, kwenye pampu ya mafuta ya taa, anafuta mikono. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilipomwona yakanitoka yote, nikasema tu kwamba nilikosea, kwamba nilisema kabla ya kupima, na kwamba mama anaomba radhi, nami naomba.

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," akasema.

Nikamtazama, safari hii usoni.

"Mama alikuwa ananunua kwangu. Goti lilipokuwa bado zuri alikuwa anakuja mwenyewe, siku hizi anatuma. Aliniambia ni ya mbu wa kisimani. Ile chupa yake ya kijani naijua."

"Na ukanyamaza? Wakati wanakutukana?"

"Dada, wewe ndiwe mtaalamu, na ulisema petroli. Wazee wakasema petroli. Mimi niko hapa miaka ishirini na nne, na nikipita kwenu bado naitwa yule wa bara." Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya kitu. "Sasa nisimame mbele ya wale watu niseme ni mama yenu, wa nyumba ya kisima, ndiye ametia mafuta kwenye maji ya msikiti? Ningeondoka pale na meno yangu? Nikaona ningoje upime."

"Na kama ningeandika nilivyosema mwanzo?"

Akafikiri kidogo. "Ningerudi kwetu," akasema.

Akayahamisha mahamri moja moja kwenye bakuli lake, akaifuta sahani, akaingia dukani. Alipotoka alikuwa ameweka juu yake paketi mbili za dawa ya mbu ya kuchoma. "Nyinyi sahani hamuirudishi tupu," akasema, "nimeona. Mwambie mama mafuta ya taa simuuzii tena."

Nikacheka, naye akacheka, tukaagana vizuri. Nikashuka Kibokoni nimeshika sahani kwa mikono miwili. Nilipofika kwa mshona kanzu nikasimama, nikataka kurudi, kwa kuwa nilikumbuka kwamba sikumuuliza. Yeye alijua sahani yetu hurudi na nini, chupa ya mama ina rangi gani, na goti lake lilianza kuuma lini. Mimi sikujua kwao ni wapi.

Sikurudi. Nilimpelekea mama sahani yake.